DNA ya Mitokondria na Utambuzi wa Wadudu Vamizi wa Mikaratusi: Jina Sahihi kama Msingi wa Udhibiti

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi DNA ya mitokondria inavyotumika kubaini utambulisho, asili na njia za kuenea kwa wadudu vamizi wa misitu ya kupandwa. Mifano miwili inachunguzwa kwa kina: fukusi wa mikaratusi wa jenasi ya Gonipterus, na kunguni wa mikaratusi, Thaumastocoris peregrinus. Wadudu hao wote wana asili ya Australia na wote wamefika barani Afrika. Makala yanaonesha kwamba kosa la jina lililodumu kwa miongo mingi liliathiri namna udhibiti wa kibiolojia ulivyopangwa na matokeo yake yalivyofasiriwa. Aidha, makala yanabainisha mipaka ya ushahidi wa mitokondria, ambayo hueleza historia ya upande wa mama peke yake. Mwisho, inapendekezwa kwamba nchi za Afrika Mashariki zisome sampuli zao zenyewe na kuzihifadhi kabla ya kuagiza maadui wa asili kutoka nje.

Maneno muhimu: mitokondria, spishi vamizi, mikaratusi, udhibiti wa kibiolojia, haplotaipu

1.0 Utangulizi

Mkaratusi ni mti mgeni uliozoeleka mno hata wengi huuhesabu kuwa wa kwao. Nchini Kenya ulianza kupandwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kutoa kuni za injini za reli. Tangu wakati huo umeenea kutoka mashamba ya serikali na ya viwanda vya chai hadi kwenye vipande vidogo vya ardhi vya wakulima wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Mti huu hutoa nguzo, mbao, kuni na mkaa. Kwa mkulima mdogo, shamba la mikaratusi hufanya kazi ya akiba: hukatwa wakati wa ada ya shule, wa ugonjwa au wa ujenzi.

Kwa muda mrefu mkaratusi ulinufaika na ugeni wake. Wadudu walioula huko Australia walibaki ng'ambo ya bahari, nao wadudu wenyeji wa Afrika hawakuuzoea upesi. Hali hiyo haikudumu. Mmoja baada ya mwingine, wadudu wa Australia waliufuata mti wao. Walipofika walikuta chakula tele, huku maadui wao wa asili wakiwa wamebaki nyuma.

Njia inayotumika zaidi kukabiliana na wadudu wa aina hii ni udhibiti wa kibiolojia. Adui wa asili wa mdudu hutafutwa katika nchi alikotoka mdudu huyo, hupimwa kwa uangalifu, kisha huachiliwa katika misitu iliyovamiwa. Njia hii inategemea maswali mawili: mdudu huyu ni nani, na ametoka sehemu gani hasa? Jibu likikosewa, adui anayeletwa huenda akawa ni adui wa mdudu mwingine. Makala haya yanaeleza jinsi DNA ya mitokondria inavyosaidia kuyajibu maswali hayo, na pale isipotosha.

2.0 DNA ya Mitokondria: Asili na Matumizi Yake

Mitokondria ni sehemu ndogo zilizomo ndani ya seli, zenye kazi ya kuzalisha nishati. Zina DNA yake zenyewe, mbali na ile iliyomo katika kiini cha seli. Kwa wadudu walio wengi, DNA hiyo ni duara lenye takriban jozi 15,000 hadi 18,000 za besi na jeni 37. Ni kiasi kidogo sana kikilinganishwa na mamilioni ya jozi zilizomo katika kiini.

Sifa nne zimeifanya DNA hii ipendwe na watafiti. Kwanza, kila seli ina mitokondria nyingi. Kwa hiyo nakala za DNA hiyo ni nyingi, na hupatikana hata katika mguu mmoja wa mdudu mdogo au katika sampuli iliyokauka. Pili, kwa kawaida hurithiwa kutoka kwa mama pekee. Tatu, kwa kuwa haichanganyiki na ya baba, hupita kutoka kizazi hadi kizazi bila kupangwa upya, isipokuwa kwa mabadiliko madogo ya besi yanayotokea mara mojamoja. Nne, mabadiliko hayo hutokea kwa kasi inayotosha kutofautisha spishi zilizo karibu na, mara nyingi, hata makundi yaliyomo ndani ya spishi moja.

Jeni inayosomwa zaidi ni ile ya kimeng'enya cha saitokromu oksidasi, kitengo cha kwanza, ambayo hufupishwa COI. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake walipendekeza kwamba kipande cha jeni hiyo, chenye takriban jozi 650 za besi, kitumike kama msimbo wa kutambulisha spishi za wanyama. Mfuatano wa besi uliosomwa hulinganishwa na mifuatano iliyokwisha kuhifadhiwa. Ukilingana au kukaribiana sana na wa spishi fulani, huwa ushahidi wa utambulisho. Ukitofautiana kwa kiasi kikubwa, huwa ishara kwamba pengine mbele ya mtafiti kuna spishi nyingine.

Kila mfuatano wa pekee unaopatikana ndani ya spishi huitwa haplotaipu. Dhana hii ni muhimu sana katika uchunguzi wa uvamizi. Katika nchi ya asili, spishi huwa na haplotaipu nyingi kwa sababu imeishi huko muda mrefu. Katika nchi iliyovamiwa huwa nazo chache, pengine moja tu, kwa sababu wadudu waanzilishi walikuwa wachache. Kwa kulinganisha haplotaipu za ugenini na za nyumbani, mtafiti anaweza kukadiria sehemu walikotoka waanzilishi hao na idadi ya chini ya safari zilizowaleta.

3.0 Fukusi wa Mikaratusi: Jina Moja, Spishi Kadhaa

Fukusi wa mikaratusi ni mbawakavu mwenye pua fupi iliyojitokeza mbele. Mbawakavu mzima hula kingo za majani machanga na vichipukizi, nao mabuu wake hukwangua uso wa jani. Mti unaoshambuliwa tena na tena hupoteza ncha yake, huchipua matawi mengi badala ya shina moja, na hukua ukiwa umepinda. Kwa mkulima aliyepanda akitarajia nguzo zilizonyooka, hasara huonekana kabla mti haujafa.

Mdudu huyu aligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1916, mjini Cape Town, akatambuliwa kuwa Gonipterus scutellatus, jina lililotolewa katika karne ya 19. Mwaka 1926 mtaalamu wa wadudu F. G. C. Tooke alikwenda Australia kutafuta adui wake wa asili. Alimpata nyigu mdogo sana, asiyefikia milimita 1, ambaye leo anajulikana kwa jina la Anaphes nitens. Nyigu huyo hutaga mayai yake ndani ya mayai ya fukusi, hivyo fukusi hafikii hatua ya buu. Aliletwa Afrika Kusini, akazalishwa na kuachiliwa, na katika sehemu kubwa ya nchi hiyo madhara ya fukusi yalipungua sana. Kenya ilipovamiwa katika miaka ya 1940, nyigu huyohuyo aliletwa huko pia. Tukio hilo likawa mfano wa kufundishia udhibiti wa kibiolojia katika misitu ya kupandwa.

Hata hivyo, palikuwa na mambo yasiyoeleweka. Katika nyanda za juu za ndani za Afrika Kusini, zenye baridi kali, mafanikio yalikuwa madogo. Fukusi alionekana Italia na Ufaransa katika miaka ya 1970, kisha Hispania na Ureno katika miaka ya 1990. Nyigu aliachiliwa katika Rasi ya Iberia, akafanya kazi vizuri katika maeneo ya chini na ya pwani, lakini katika maeneo ya miinuko ya Ureno na Hispania hakutosheleza. Aidha, orodha za miti iliyopendwa na fukusi zilitofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine. Kwa kuwa mdudu alihesabiwa kuwa mmoja, tofauti hizo zilielezwa kwa hali ya hewa, kwa aina ya miti au kwa njia za upandaji.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 na Mapondera, Burgess, Matsuki na Oberprieler ulilitazama suala hilo upya. Watafiti hao waliunganisha aina mbili za ushahidi: umbo la viungo vya uzazi vya dume, ambalo huonekana kwa darubini baada ya upasuaji mdogo, na mfuatano wa jeni ya COI. Aina zote mbili ziliafikiana. Jina Gonipterus scutellatus lilikuwa limefunika kundi la spishi fiche, yaani spishi zinazofanana kwa sura ya nje lakini zilizotengana kwa nasaba.

Matokeo kuhusu uvamizi yalikuwa ya kushangaza. Gonipterus platensis, mwenye asili ya Tasmania, ndiye aliyevamia Nyuzilandi, mabara ya Amerika, Rasi ya Iberia na hata Australia Magharibi. Gonipterus pulverulentus ndiye aliyevamia upande wa mashariki wa Amerika Kusini. Fukusi wa Afrika, pamoja na wa Ufaransa na Italia, alikuwa spishi ya tatu, ambayo haikuwa na jina rasmi na katika chapisho hilo ilitajwa kwa namba tu. Spishi inayostahili jina Gonipterus scutellatus ni ya Tasmania, nayo haikuwamo miongoni mwa spishi hizo vamizi. Kwa maneno mengine, kwa takriban karne moja mdudu wa Afrika aliandikwa katika vitabu, ripoti na sheria za karantini kwa jina la mdudu ambaye hakuwa yeye.

Jina platensis lenyewe ni funzo la namna yake. Lilitolewa mwaka 1926 nchini Ajentina, likitokana na eneo la La Plata, kwa sababu mdudu alielezwa kwanza ugenini kabla ya kujulikana kwao. Baadaye jina hilo lilifutwa kwa kudhaniwa kuwa ni jina la pili la scutellatus, kisha likarejeshwa ushahidi ulipopatikana.

Umuhimu wa matokeo haya kwa udhibiti wa kibiolojia ni mkubwa. Nyigu wa Tooke alikusanywa Australia Kusini, katika bara la Australia. Spishi aliyokwenda kuidhibiti Afrika ina asili ya kusini-mashariki mwa bara hilohilo. Spishi iliyovamia Iberia, kwa upande mwingine, inatoka kisiwa cha Tasmania. Kwa hiyo inawezekana kwamba nyigu aliyefaa kwa spishi moja alipelekwa kwa spishi nyingine kwa sababu tu zilishiriki jina. Tahadhari inahitajika hapa: baridi ilipunguza kazi ya nyigu hata Afrika Kusini, ambako jozi ya nyigu na fukusi ilikuwa sahihi zaidi. Hivyo kosa la jina haliwezi kubebeshwa lawama yote. Lililo wazi ni kwamba utafutaji wa maadui wapya kwa ajili ya Ureno ulielekezwa Tasmania, na miongoni mwa waliochunguzwa ni nyigu Anaphes inexpectatus. Jina lilipobadilika, ramani ya utafutaji nayo ilibadilika.

4.0 Kunguni wa Mikaratusi: Kuhesabu Safari za Uvamizi

Mfano wa pili unahusu mdudu mwembamba wa jamii ya kunguni, mwenye urefu wa takriban milimita 3, anayefyonza utomvu wa majani. Majani yaliyoshambuliwa hupauka, kisha hugeuka rangi ya shaba na kupukutika. Mdudu huyu aliripotiwa Afrika Kusini mwaka 2003 na Ajentina mwaka 2005. Baadaye alifika nchi nyingine za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Mwanzoni alidhaniwa kuwa Thaumastocoris australicus. Mwaka 2006 alielezwa kama spishi mpya, Thaumastocoris peregrinus. Kwa mara nyingine tena, mdudu wa Australia alipewa jina lake kutokana na sampuli za ugenini.

Mwaka 2010 Nadel na wenzake walichapisha uchunguzi wa jeni ya COI kwa kutumia sampuli za Australia, Afrika Kusini, Ajentina, Brazili na Urugwai. Maswali yao yalikuwa matatu: je, ni spishi moja iliyoingia? Je, iliingia mara moja au zaidi? Na ilitoka wapi?

Kuhusu swali la kwanza, sampuli za Australia zilionesha spishi fiche tatu, lakini moja tu, T. peregrinus, ndiyo iliyopatikana Afrika Kusini na Amerika Kusini. Kuhusu swali la pili, ndani ya spishi hiyo zilipatikana haplotaipu nane huko Australia, zikitofautiana kwa asilimia 0.2 hadi 0.9. Tatu kati ya hizo zilionekana pia ugenini. Hata hivyo, haplotaipu zilizokuwa Afrika Kusini hazikuwa zile zilizokuwa Amerika Kusini. Iwapo wadudu wa Ajentina wangetokana na wale wa Afrika Kusini, au kinyume chake, ingetarajiwa wawe na angalau haplotaipu moja ya pamoja. Watafiti walihitimisha kwamba kulikuwa na uingizaji usiopungua mara tatu kabla ya mwaka 2005.

Kuhusu swali la tatu, haplotaipu mbili zilizoenea zaidi Sydney zilikuwa miongoni mwa zile za ugenini. Mji huo ulikuwa umeshuhudia milipuko ya mdudu huyu katika miti ya barabarani. Maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni kwamba wadudu walipoongezeka karibu na bandari na viwanja vya ndege, nafasi yao ya kusafiri bila kukusudiwa iliongezeka pia.

Hoja hii ina uzito kwa idara za karantini. Mdudu akiingia mara moja, huenda ni bahati mbaya. Akiingia mara tatu katika miaka michache, njia iko wazi na inahitaji kuzibwa. Tofauti kati ya hali hizo mbili haiwezi kuonekana kwa kumtazama mdudu shambani. Huonekana katika mfuatano wa besi.

5.0 Mipaka ya Ushahidi wa Mitokondria

Ushahidi huu, pamoja na nguvu zake, una mipaka minne inayopaswa kuzingatiwa.

Mpaka wa kwanza unatokana na urithi wa upande mmoja. Mitokondria husimulia habari za mama, bibi na mama wa bibi. Habari za baba hazimo. Spishi mbili zikizaliana, mtoto hubeba mitokondria ya mama yake, na akisomwa kwa COI peke yake ataonekana kuwa wa spishi ya mama. Kwa sababu hiyo, jeni za kiini na maumbo ya mwili havina budi kusomwa pamoja na mitokondria, kama ilivyofanyika kwa maumbo katika uchunguzi wa fukusi.

Mpaka wa pili unahusu bakteria wanaoishi ndani ya wadudu. Nyigu wa vinundu vya mikaratusi, Leptocybe invasa, aliyeonekana Kenya na Uganda mwaka 2002, ni mfano mzuri. Majike wake huweza kuzaa majike bila dume, na ndani yao hupatikana bakteria wa jenasi ya Rickettsia wanaohusishwa na uzazi huo. Bakteria hao hurithiwa kutoka kwa mama, sawasawa na mitokondria. Wakienea katika jamii ya wadudu, mitokondria ya mama aliyewabeba huenea pamoja nao. Matokeo yake, haplotaipu moja inaweza kutawala bila kuwa ishara ya uchache wa waanzilishi. Anayesoma mitokondria bila kupima bakteria anaweza kuusoma ushindi wa bakteria kama historia ya mdudu.

Mpaka wa tatu ni wa kimaabara. Vipande vya DNA ya mitokondria vimewahi kunakiliwa na kuingia katika kiini cha seli. Nakala hizo zikisomwa kwa makosa, huweza kuonekana kama haplotaipu mpya au hata spishi mpya.

Mpaka wa nne ni wa kimantiki. Nchi mbili jirani zikiwa na haplotaipu moja, haithibitiki kwamba mdudu alivuka mpaka kutoka nchi moja kwenda nyingine. Huenda kila nchi ilimpata kutoka chanzo kilekile. Tofauti ya haplotaipu husema mengi kuliko mfanano wake. Katika hali ya mfanano, jeni za kiini zinazobadilika haraka zaidi ndizo zinazoweza kutoa jibu.

6.0 Umuhimu kwa Afrika Mashariki

Ukanda huu umewahi kuonja tatizo la jina nje ya mikaratusi pia. Kidukari wa misanduku aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na Kenya mwaka 1990 aliua miti mingi ya misanduku. Mwanzoni aliitwa Cinara cupressi; mwaka 1999 alielezwa kama spishi tofauti, Cinara cupressivora. Utambulisho huo ulitokana na vipimo vya maumbo, lakini funzo ni lilelile: miti ilikuwa inakufa wakati utambulisho wa mdudu bado haujatulia.

Kutokana na mifano iliyojadiliwa, mambo matatu yanajitokeza. La kwanza, kila nchi inahitaji kusoma sampuli zake. Jibu lililopatikana kwa fukusi wa Afrika Kusini linaelekeza, lakini halithibitishi, utambulisho wa fukusi wa kila msitu wa Kenya, Uganda au Rwanda. Uvamizi wa pili wa spishi nyingine inayofanana naye ungeweza kupita bila kutambuliwa, kwa kuwa afisa wa misitu angeona mdudu aliyemzoea.

La pili, sampuli zihifadhiwe. Wadudu wachache waliotiwa katika alkoholi kali, wakiwa na kibandiko cha mahali, tarehe na aina ya mti, hugharimu kidogo sana. Baada ya miaka 20 sampuli hizo zinaweza kujibu swali ambalo leo halijaulizwa. Mti ukishakatwa na mdudu akitupwa, ushahidi umekwenda.

La tatu, lugha. Katika Kiswahili, fukusi hufahamika zaidi kama mdudu wa nafaka ghalani. Mkulima anayeambiwa kwamba mikaratusi yake ina fukusi anaweza kudhani kwamba hatari iko kwenye mahindi yake. Majina yanayounganisha mdudu na mti wake, kama fukusi wa mikaratusi na kunguni wa mikaratusi, huondoa utata huo, na yanafaa kusanifiwa kwa pamoja ili ripoti ya Kampala isomeke vilevile Kigali, Bujumbura na Dodoma. Ikiwa wanasayansi wenyewe walipotezwa na jina la Kilatini kwa karne nzima, mkulima asiyekuwa na jina lolote yuko katika hali ngumu zaidi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba DNA ya mitokondria imebadilisha uelewa wa uvamizi wa wadudu wa mikaratusi kwa namna mbili. Kwa fukusi, ilifichua kwamba jina moja lilibeba spishi kadhaa, na hivyo ikaelekeza upya utafutaji wa maadui wa asili. Kwa kunguni, ilionesha kwamba uvamizi ulioonekana kuwa mmoja ulikuwa na safari zisizopungua tatu. Imebainishwa pia kwamba ushahidi huo ni wa upande wa mama, na kwamba unahitaji kusomwa pamoja na maumbo, jeni za kiini na bakteria wa ndani ya wadudu. Utambuzi ni hatua ya kwanza ya udhibiti wenyewe. Nyigu anayeachiliwa katika msitu harudishwi kwenye chupa. Ni sharti ijulikane mapema kwamba mayai anayoyatafuta ndiyo yaliyomo katika msitu huo.